Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Tuzo yako inamzawadia anayejua kunyamaza

Kwa: Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya kazi

Nakala: Mkaguzi Mkuu wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Kamati ya Tuzo ya Usalama

YAH: OMBI LA KUBADILISHA VIGEZO VYA TUZO YA USALAMA MAHALI PA KAZI

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi mitambo. Kwa miaka sita nilikuwa pia mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya usalama ya kiwanda ambacho sitakitaja, maana nia yangu si kukichafulia jina, na wenzangu wengi bado wanapata riziki pale. Kiwanda hicho kilipewa tuzo ya serikali ya kupunguza ajali. Siku ya kukabidhiwa nilikuwa ukumbini, safu ya nne, nimevaa fulana mpya yenye nembo ya kampuni. Nilipiga makofi kama wengine. Makofi yale yamenikaa rohoni mpaka leo.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa menejimenti, nikajibiwa kwa mdomo kwamba mambo ya ndani humalizwa ndani. Ya pili niliipeleka ofisi ya ukaguzi. Ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, na kila nilipofuatilia nikaambiwa faili liko kwa mkubwa. Ya tatu niliiandikia Kamati ya Tuzo, na baada ya miezi mitano nikapata mistari miwili: kamati hutumia takwimu zinazowasilishwa na mwajiri, na haina mamlaka ya kuzichunguza. Nalishukuru jibu hilo, Mheshimiwa, kwa sababu tatizo lote limo humo. Sasa naandika hadharani, kwa heshima ileile niliyoandika nayo faraghani.

KILICHOTOKEA

Getini kwetu pana ubao wa bati wenye maandishi meupe: SIKU TULIZOFANYA KAZI BILA AJALI. Chini ya maandishi kuna misumari mitatu ya kutundikia vibao vya tarakimu. Kila asubuhi mlinzi anapanda kiti, anachomoa kibao na kutundika kingine. Siku ninayoisimulia vibao vilisomeka 3, 4 na 1.

Usiku wake, kijana mmoja wa zamu alikuwa kwenye mashine ya kubana bati. Mashine ile ina mlango wa wavu, na mlango una swichi: ukiufungua mashine inasimama, ukiufunga inaendelea. Ni kinga nzuri, ila kila kufungua na kufunga kunakula sekunde kadhaa, na lengo la zamu lilikuwa limepandishwa mara mbili mwaka ule. Kwa hiyo swichi ilikuwa imefungwa waya. Waya wa kawaida, umezungushwa mara tatu, umeshaota kutu. Kutu haioti kwa usiku mmoja. Supavaiza aliuona, afisa usalama aliuona, na mimi pia niliuona. Niliuandika kwenye kumbukumbu za kikao, lakini vikao viwili vikapita na waya uko palepale.

Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikatika kwenye pingili ya kwanza. Hatukuita gari la wagonjwa. Alipakiwa kwenye gari la supavaiza na kupelekwa zahanati binafsi, akashonwa, akarudishwa kwao alfajiri. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Siku ya pili nilimkuta stoo, mkono umefungwa bandeji nene kama glavu ya bondia, anahesabu boliti kwa mkono wa kushoto. Hesabu yenyewe alikuwa akiandikiwa na mtu mwingine. Kwenye daftari la mahudhurio: yupo. Kwenye daftari la ajali: jeraha dogo la kidole, huduma ya kwanza, amerudi kazini.

Na asubuhi ya kuamkia ajali ile mlinzi alipanda kiti, akatundika 3, 4 na 2.

Utauliza kwa nini kijana alikubali. Supavaiza hakumtisha. Alimwambia tu, kwa sauti ya mzazi, "Mwanangu, wenzako arobaini watakosa bonasi kwa ajili ya pingili moja." Idara yoyote yenye ajali ilikuwa inakosa bonasi ya robo mwaka, wote, mzima na majeruhi. Kijana wa miaka ishirini na mbili, bado yuko kwenye majaribio, amezungukwa na watu arobaini wenye watoto wa kusomesha: angesema nini?

Kabla mwaka haujaisha tukajaza fomu yako ya tuzo.

HOJA ZANGU

1. Tuzo inahesabu taarifa, haihesabu ajali

Kipimo kikuu cha fomu yako ni kiwango cha ajali zilizomfanya mtu akose kwenda kazini. Unachukua idadi yake, unazidisha kwa milioni moja, unagawanya kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi. Kiwanda cha watu 500, kila mmoja akifanya saa 2,000 kwa mwaka, kina saa milioni moja kamili, kwa hiyo kila ajali ni pointi moja. Ajali tatu, pointi tatu. Zikifichwa mbili, pointi moja, na ngao ya tuzo mnapata.

Tarakimu hiyo inashuka kwa njia mbili. Unaweza kuondoa hatari, kwa maana ya kununua kinga, kusimamisha mashine, kupunguza lengo la zamu. Au unaweza kuondoa taarifa, na hiyo haina gharama zaidi ya gari la supavaiza na kiti cha stoo. Zile saa ambazo kijana alikaa akihesabu boliti ziliongezwa kwenye saa zilizofanywa kazi, yaani jeraha lake liliisaidia hesabu yetu kuonekana nzuri kidogo zaidi. Nilipoligundua hilo nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Wajapani wameupa jina kabisa, rosai kakushi, yaani kuficha ajali za kazini, na kwao ni kosa la kushtakiwa. Marekani, wakala wa serikali wa usalama kazini, OSHA, ulitoa waraka Machi 2012 ukionya kwamba zawadi zinazotolewa kwa kutokuwa na majeruhi zinaweza kuwazuia watu wasitoe taarifa, na mwaka 2016 ukaweka kanuni ya kuwalinda wanaoripoti. Shirika la Kazi Duniani nalo lina Itifaki ya 2002 ya Mkataba Namba 155, inayohusu kuandika na kutoa taarifa za ajali na magonjwa ya kazini. Itifaki hiyo inamtaka mwajiri asimwadhibu mfanyakazi kwa kuripoti. Bonasi ya idara inafanya kazi ya adhabu bila kuitwa adhabu. Tofauti ni kwamba fimbo wanashika wenzako.

2. Sifuri ya mdogo na sifuri ya mkubwa si kitu kimoja

Hapa nitakuwa mfupi maana ni hesabu tu. Karakana ya watu kumi ambayo kwa wastani inapata ajali moja mbaya kila miaka mitano ni mahali pa hatari. Hata hivyo, ukichukua mwaka wowote, uwezekano wa kupita bila ajali ni zaidi ya asilimia 80. Inaweza kushinda tuzo yako miaka minne kati ya mitano bila kubadilisha hata skrubu. Kiwanda cha watu 1,000 chenye hatari ileile kwa kila mtu kitakuwa na ajali kama 20 kwa mwaka. Kikijituma kikazishusha hadi 12, kimeokoa watu wanane, na mbele ya fomu yako kimeshindwa na karakana iliyobahatika.

3. Majeraha madogo hayatabiri maafa makubwa

Hii ndiyo hoja inayoninyima usingizi, na naomba uvumilivu wako niieleze.

Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, mnara mmoja ulijazwa mafuta kupita kiasi wakati wa kuwashwa upya. Yakafurika, mvuke ukatanda, ukashika moto. Watu 15 walikufa, wengine 180 wakajeruhiwa. Wote waliokufa walikuwa ndani ya ofisi za muda za makontrakta au karibu nazo, na ofisi hizo zilikuwa zimewekwa jirani mno na mtambo. Watu hao walikuwa ndio kwanza wanarudi kutoka chakula cha mchana kilichoandaliwa kuwapongeza kwa kumaliza mwezi bila ajali ya kukosesha kazi. Jopo huru lililochunguza usalama wa viwanda vya kampuni hiyo lilisema mwaka 2007 kwamba kushuka kwa majeraha ya mtu mmoja mmoja kulichukuliwa kimakosa kuwa ushahidi kwamba mitambo yenyewe iko salama.

Miaka mitano baadaye, tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Siku hiyohiyo wakubwa wa makampuni walikuwa ndani ya mtambo, na mojawapo ya shughuli za ziara yao ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kukosesha kazi.

Mheshimiwa, watu wa mitambo ile hawakuwa wajinga. Walikuwa wanapima kitu kingine. Kujikwaa ngazini, kukatwa na kisu, mchanga machoni, hivi ndivyo vinavyojaza daftari la ajali, na ni vyema vipunguzwe. Lakini valvu isiyojaribiwa, king'ora kilichozimwa kwa sababu kinapiga kelele, boila isiyokaguliwa, hivyo haviandikwi kwenye daftari hilo mpaka siku vinapoua, na siku hiyo vinaua wengi kwa mpigo. Kiwanda kinaweza kuwa na sifuri safi, isiyo na udanganyifu wowote, na bado kiko hatua moja tu kutoka msibani. Fomu yako ina kurasa tisa. Nimeisoma yote mara mbili nikitafuta swali moja kuhusu lini mara ya mwisho valvu za usalama zilijaribiwa. Halimo.

4. Vibarua na wanaougua hawamo kwenye hesabu

Kwetu upakiaji, usafi wa matangi na kazi za juu ya paa hufanywa na vibarua wa wakala. Hizo ndizo kazi zenye hatari kuliko zote. Kibarua akianguka ni ajali ya wakala, na wakala hajaomba tuzo. Hivyo mwajiri anaweza kupunguza ajali zake kwa kuwahamishia watu wengine kazi zinazoumiza.

Na vipi wanaougua? Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, watu karibu milioni tatu hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi. Wanaouawa na ajali ni kama 330,000. Waliobaki, kama milioni 2.6, wanauawa na magonjwa: vumbi mapafuni, kemikali, moyo uliochoshwa na saa nyingi za kazi. Tuzo yako inahusu ajali tu. Mzee mmoja wa idara ya kusaga alistaafu mwaka tuliopata ngao. Ukimwita kwa nyuma hasikii, na akipanda ngazi lazima apumzike katikati. Hakuwahi kupata ajali hata moja.

5. Ukaguzi wa tuzo unapiga hodi wiki mbili kabla

Ninaweza kukuelezea matayarisho yetu kwa sababu nilishiriki. Mistari ya njano sakafuni ilipakwa upya. Vizima moto vilifutwa vumbi. Kofia ngumu mpya zilitoka stoo zikiwa bado kwenye nailoni, kila mtu akasaini kuchukua, na kesho yake akasaini kurudisha. Vibarua waliambiwa wasije siku hiyo. Waya kwenye ile swichi ulifunguliwa, ukawekwa kwenye droo ya meza ya supavaiza. Wakaguzi wako walikuja saa nne asubuhi na kuondoka saa saba. Hawakuongea na mtu wa zamu ya usiku, maana zamu ya usiku ilikuwa imelala. Mfanyakazi pekee waliyemhoji alikuwa mimi, meneja akiwa amesimama pembeni yangu.

Sikusema kuhusu kidole. Hilo nalikiri hapa, na ndiyo sababu moja iliyonifanya nijiuzulu kwenye kamati.

Jumatatu iliyofuata waya ulirudi mahali pake.

6. Ukishapata, hunyang'anywi

Ngao yenyewe haina ubaya. Kilichoambatana nayo ndicho kizito. Imechapwa kwenye barua za kampuni, imeambatanishwa kwenye zabuni, na tangu tuipate mkaguzi wa kawaida hajaonekana, kwa sababu walioshinda wanahesabiwa kuwa wanajiweza. Katika kanuni za tuzo sikuona kifungu chochote cha kuirudisha. Marekani wana mpango mkubwa wa aina hii tangu 1982, ambamo maeneo bora ya kazi huondolewa kwenye orodha ya ukaguzi wa kawaida. Mwaka 2009 ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge lao ilieleza kwamba baadhi ya maeneo yaliendelea kubaki kwenye mpango hata baada ya wafanyakazi kufa pale. Kama wao, pamoja na uwezo wao wote, waliteleza hapo, sioni kwa nini sisi tusubiri msiba ndipo tujifunze.

MAJIBU NINAYOYATARAJIA

Nitaambiwa kwamba tuzo ni motisha tu, adhabu iko kwenye sheria. Sawa, lakini motisha inamvuta mtu kuelekea mahali, na mimi nimeeleza inatuvuta wapi. Sheria inamtaka mwajiri aripoti. Tuzo inamlipa asiporipoti. Vyote viwili vinatoka wizara moja.

Nitaambiwa pia kwamba wafanyakazi wenyewe ni wazembe: wanavua glavu, wanafunga swichi kwa waya. Hili lina ukweli wake na sitalikwepa, nimefanya kazi na watu wa aina hiyo na siku nyingine nilikuwa mmoja wao. Ila muulize aliyefunga waya kwa nini aliufunga. Hakuna anayefurahia kuingiza mkono kwenye mashine iliyo wazi. Lengo lilipandishwa, mlango ukabaki na spidi ileile, na waya ukaziba pengo. Uzembe unaoonekana kila siku na wakubwa wote wakaupita kimya umeshakuwa utaratibu wa kazi.

La tatu ni kwamba wakaguzi hawatoshi. Najua. Vigezo vinavyotajwa na Shirika la Kazi Duniani huanzia mkaguzi mmoja kwa wafanyakazi 10,000 katika nchi za viwanda hadi mmoja kwa 40,000 katika nchi zenye maendeleo duni, na wengi hawafikii hata hapo. Kama ni hivyo, tuzo zipunguzwe. Ni afadhali washindi watano waliochunguzwa kuliko hamsini waliojaza fomu.

Na lipo jibu ambalo halitasemwa hadharani: tukihimiza kuripoti, takwimu zitapanda na Wizara itaonekana imeshindwa. Ni kweli, zitapanda. Mwaka wa kwanza zitapanda sana. Watu wa ndege walishapita njia hiyo. Tangu 1976 Marekani ina mfumo unaoendeshwa na NASA, shirika lao la anga, ambamo rubani au fundi anaripoti kosa au nusura ya ajali kwa siri, naye kwa kiasi kikubwa analindwa asiadhibiwe kwa alichoripoti, ili wengine wajifunze. Hakuna anayehesabu wingi wa ripoti hizo kuwa ni dalili ya ndege mbovu. Mheshimiwa, ukiwaandaa wananchi mapema kwamba tarakimu zitapanda kwa sababu tumeanza kusema ukweli, watakuelewa.

NINACHOOMBA

Kabla fomu za msimu ujao hazijatoka, naomba yafuatayo.

Kwanza, idadi ya majeraha isiwe tena kigezo cha ushindi. Ipimwe kazi iliyofanyika: hatari ngapi ziliripotiwa na wafanyakazi, ngapi zilirekebishwa na kwa siku ngapi; nusura za ajali ngapi ziliandikwa na nini kilibadilishwa; kinga za mashine na valvu za usalama zilijaribiwa lini na nani alisaini. Kiwanda kilichoandika nusura mia mbili na kurekebisha mia na themanini kipate alama nyingi kuliko kile kilichoandika sifuri. Paul O'Neill alipochukua uongozi wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa mwaka 1987 alitaka taarifa ya kila jeraha imfikie haraka, na mwaka 1996 alimwachisha kazi mmoja wa wakuu wake kwa kutoripoti tukio la wafanyakazi kuathiriwa na gesi kiwandani Mexico. Mtu huyo alikuwa akileta faida nzuri. Aliondolewa kwa kunyamaza.

Pili, mshiriki yeyote mwenye bonasi inayofutwa mtu akiumia aondolewe kwenye mashindano. Bonasi zifungwe na kuripoti na kurekebisha, la sivyo zisitajwe kabisa.

Tatu, kamati ipewe meno. Ifike bila taarifa, ifike na usiku. Ichague yenyewe majina ya kuhoji kutoka orodha ya mishahara na ya mawakala wa vibarua, iwahoji faragha, na iruhusiwe kulinganisha daftari la ajali na madai ya fidia pamoja na kumbukumbu za zahanati ambako majeruhi hutibiwa. Kwa hesabu yangu, siku moja ya ulinganisho huo ingetosha kukionyesha kidole cha yule kijana.

Nne, vibarua wote wanaofanya kazi ndani ya uzio wahesabiwe kama wa mwenye uzio, na magonjwa ya kazi yaingie kwenye vigezo, kuanzia vipimo vya vumbi na kelele hadi uchunguzi wa mapafu na masikio.

Tano, kuwe na kifungu cha kunyang'anya tuzo, majina ya walionyang'anywa yatangazwe palepale walipotangaziwa ushindi, na hakuna mshindi anayeondolewa kwenye ukaguzi wa kawaida.

La mwisho ni dogo, halihitaji kanuni mpya. Kijana ninayemsimulia ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Alikwishaacha kazi pale. Mwaka jana alijaribu kudai fidia, akaambiwa alete taarifa ya ajali iliyowasilishwa na mwajiri ndani ya muda. Haipo, kwa sababu kwa mujibu wa daftari alipata jeraha dogo na akarudi kazini. Namba ya ombi lake na nakala za barua zangu tatu, mbili zikiwa na mihuri ya ofisi zako, nimeziweka kwenye bahasha moja na kuzifikisha masjala ya Wizara pamoja na barua hii. Naomba ofisi yako ifungue faili hilo, imsikilize na iandike ajali yake kama ajali. Nipo tayari kuitwa, kuapa na kuulizwa maswali, likiwemo swali la kwa nini nilikaa kimya siku ile ya ukaguzi.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Fundi mitambo,
aliyekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya usalama